Jino la Mbele la Mkasi

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha viatu, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Mbao zake zimelainishwa na makalio kuliko randa ya seremala yeyote, na mguu wake mmoja ni tofali, maana mguu wenyewe uliondoka na mafuriko. Mimi hushona soli hapo mlangoni, kwa hiyo sipitwi na neno hata nikitaka linipite. Upande wa barabara hukaa Kiraka, mziba pancha, ambaye baiskeli za wateja humngoja ng'ambo miguu juu. Katikati ni Zege, mwashi, anayelipima kila jambo la dunia hii kwa saruji. Penye kivuli ni pa Methali, tarishi mstaafu. Jina hilo tulimpa kwa sababu ana methali ya kila jambo, ila huwa si ya jambo hilo. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu lakini anatugombeza kama tumezaliwa na kaka zake. Halafu kuna Mkasi, fundi cherehani wa duka linalopakana na langu, mcheshi wa kijiwe, ambaye ulimi wake ukikupitia unaokota vipande vyako chini. Jumatatu hiyo Mkasi alikuja, akakaa, akafunika mdomo kwa kiganja, akanyamaza.

Kiraka: Mkasi, salama?

Mkasi akaitikia kwa kichwa.

Zege: Salama ya kichwa hiyo ni ya wapi? Umefiwa?

Akakataa, kwa kichwa tena.

Methali: Mimi namjua huyu. Kagombana na mteja. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Kiraka: Hiyo inaingiaje hapo?

Methali: Itaingia tu. Ipe muda.

Shangazi: Mwacheni anywe kahawa yake.

Akapokea kikombe, akanywa kwa pembe ya mdomo kama mtu anayekinong'oneza siri. Lakini kahawa ya Shangazi haina huruma kwa moto. Ilifika mahali, tukaona Mkasi anaruka, kiganja kikatoka mdomoni, na sote tukaona. Jino la mbele la juu lilikuwa limekatika mshazari. Nusu ipo, nusu haipo, kama kigae cha paa kilichopigwa jiwe.

Zege: Kona ya nyumba imeanguka.

Kiraka: Nani kakupiga?

Mkasi: Thijapigwa.

Kiraka: Hujafanyaje?

Mkasi: Thijapigwa na mtu. Ni udhi.

Methali: Umemuudhi nani?

Mkasi: Thijamuudhi mtu. Udhi. Udhi wa kushonea.

Ikabidi tumtoe maneno moja moja kama mtu anayetoa mwiba. Alikuwa anashona mikanda ya begi la turubai, kwa ule uzi mnene wa nailoni. Alipofika mwisho akaung'ata, kama anavyong'ata nyuzi tangu ajifunze kazi. Uzi ukagoma, jino likakubali.

Zege: Na mkasi ulikuwa wapi?

Mkasi: Ulikuwepo.

Zege: Wapi?

Mkasi: Mkononi.

Shangazi aliweka birika chini ili acheke vizuri. Kiraka alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda changu. Mkasi peke yake hakucheka, na hapo ndipo tukajua kuna zaidi ya jino. Binti yake, yule anayefundisha watoto wa chekechea, alikuwa amepata mchumba, na Jumamosi wazazi wa kijana walikuwa wanakuja nyumbani kujuana. Mama wa binti alishatangulia mbele ya haki tangu mtoto ana kibiongo cha mkoba wa shule. Mkasi ndiye baba, ndiye mama, ndiye atakayesimama kuwapokea wageni.

Mkasi: Nithimame mbele ya watu wathionijua, niwaambie karibuni thana, thithi ni wathtaarabu?

Kiraka: Sema "karibuni" uishie hapo. Haina shida.

Zege: Na wakimshukuru?

Kiraka: Aseme "haidhuru".

Zege: Hebu sema "haidhuru".

Mkasi akamtazama tu.

Mkasi: Ninyi ni rafiki dhangu. Naomba kitu kimoja. Binti yangu athijue.

Shangazi: Kwa nini asijue?

Mkasi: Akijua atanipeleka hothpitali.

Shangazi: Si ndiyo vizuri?

Mkasi akarudisha kiganja mdomoni. Tukaapa wote, kila mmoja kwa anachokiogopa. Kisha, kwa kuwa kijiwe hakiwezi kuona tatizo la mtu kikalala njaa, tukaanza kulitibu.

Kiraka: Hii ni kazi ndogo. Jino ni tairi. Likitoboka linazibwa. Kwa daktari wanaita kujaza, lakini ni kiraka tu.

Methali: Haba na haba hujaza kibaba.

Zege: Kujaza ni kwa tundu. Hili halina tundu, limemeguka ukingo. Utajazaje mahali ambapo hapapo? Hapa panataka kofia. Mke wa kaka yangu alivishwa. Wanalichonga jino linabaki kisiki, wanalipima, wanatengeneza kofia ngumu ya umbo lake, wanaibandika kwa saruji.

Kiraka: Saruji hii hii?

Zege: Ya meno. Lakini saruji ni saruji, inataka kumwagiwa maji.

Methali: Mimi kofia ya mdomoni inanipa taabu. Ukikutana na mkubwa wako unaivua?

Zege: Na kama kisiki hakifai, wanang'oa, wanajenga daraja. Jino jipya linaning'inia katikati, linashikwa na majirani, wa huku na wa huku. Majirani nao lazima wachongwe kidogo ili walibebe.

Mkasi: Kwa hiyo aliyekufa mmoja, wanaochongwa wawili.

Methali: Ndiyo maana wakasema kifo cha wengi harusi.

Mkasi: Naomba uthiitaje haruthi.

Shangazi: Mimi sijui madaraja wala makofia. Ninachojua, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda kwa daktari, baba.

Methali: Shangazi, hiyo ni ya nyumba, si ya meno. Methali zina wenyewe.

Hapo Methali akajiweka sawa kivulini, akavuta suruali magotini. Tulipomwona hivyo tulijua anayoyaleta ni mazito.

Methali: Nyote mko nyuma. Siku hizi wanapandikiza. Wanatoboa mfupa wa taya, wanatia skrubu, wanangoja mfupa uikumbatie, ndipo wanafunga jino juu yake kama balbu. Kule ofisini kwetu kulikuwa na mhasibu aliyefungwa hilo. Zuri, jeupe, linang'aa. Lakini chuma ni chuma. Akilala, jino linashika redio.

Kiraka: Redio gani?

Methali: Hakuwa na uwezo wa kuchagua. Mkewe alikuwa anaamka anasikia taarifa ya habari inatoka kwa mume, na mume mwenyewe anakoroma. Ikafika akawa anaijua hali ya hewa kabla ya sisi wote.

Kiraka: Na akifunga mdomo?

Methali: Inakuwa ya chini chini.

Kiraka akawaza, akasema hilo jino angelipenda, hasa siku za mpira. Zege akasema hofu yake yeye ni urefu wa skrubu. Fundi akizidisha mzunguko mmoja, ncha inatokea kwenye paji la uso, na ukuta wa mtu hauna plasta ya kuficha. Wakati wakibishana hayo mimi nilikuwa namtazama Mkasi. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo.

Mkasi: Na thindano?

Zege: Sindano ipo, lazima. Ya ganzi. Wanachoma kwenye ufizi, hapo hapo mbele, ndefu kiasi hiki.

Akapima kwa vidole viwili, kisha kwa kuwa ni Zege, akaongeza.

Mkasi akaweka kikombe chini, akarudi dukani kwake. Tukasikia cherehani inalia mfululizo mpaka mchana, bila kupumzika.

Jumanne alikuja na kitambaa kidogo kilichokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kile kipande cha jino. Alimpa Kiraka bila maneno, kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba.

Kiraka: Sawa. Nina gundi haijawahi kuniangusha. Lori la tani ngapi linatembea kwa gundi yangu, itakuwa jino la mtu anayekula mkate?

Shangazi: Kiraka, usitie uchafu wako kwenye mdomo wa baba wa watu.

Kiraka: Shangazi, naipiga msasa kwanza. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Akapiga msasa kweli, kipande na kisiki, Mkasi akiwa ameshika benchi kwa mikono yote miwili. Akapaka gundi, akapuliza, akabandika, akabana kwa kidole gumba, akatuomba tusimsemeshe. Zege akaangalia kwa jicho moja kama yuko kwenye timazi. Lilikaa. Lilikuwa na mstari mweusi katikati, lakini kwa mbali ungesema ni jino.

Kiraka: Sema kitu.

Mkasi: Saba. Sita. Sisimizi.

Tukapiga makofi. Mkasi akacheka, na kilikuwa kicheko chake chenyewe, kile cha kujirusha nyuma. Akamwuliza Zege kama ile nyumba aliyojenga mwaka jana imeshajua iinamie upande gani. Akamwuliza Methali kama kuna methali yoyote duniani aliyoiacha salama. Shangazi, kwa furaha, akammiminia kikombe cha bure.

Mkasi: Ahsante Shangazi.

Akapiga funda.

Mkasi: Leo kahawa yako thafi.

Tukatazamana.

Kiraka: Rudia.

Mkasi: Thafi.

Akapitisha ulimi. Akachungulia kikombeni. Sote tukainama, tukatazama chini ya benchi, kwenye vumbi, kwenye mikunjo ya shati lake. Hakuna kitu.

Zege: Umekimeza.

Kiraka: Gundi ile inataka ikauke kwanza. Mimi sikujua kama utakunywa kahawa.

Mkasi: Hapa ni kijiwe cha kahawa.

Methali: Usikate tamaa, ndugu yangu. Kutoa ni moyo.

Kiraka: Leo umepatia. Kitatoka chenyewe. Unatafuta beseni, unatulia, unasubiri.

Shangazi: Kiraka, nauza vinywaji hapa.

Zege: Tuseme kimetoka. Halafu? Atakirudisha mdomoni?

Kiraka: Anakiosha.

Mkasi aliinuka bila kuaga. Siku iliyofuata hakuja kabisa. Mlango wa duka lake ulikuwa nusu wazi, naye alikuwa ndani nyuma ya cherehani, amejifunga skafu mpaka puani, jua lote lile. Mteja akiingia alionyeshewa bei kwa vidole. Sisi tulikaa kwenye benchi na tatizo lake kana kwamba alituachia tumlelee.

Kiraka: Atiwe meno ya bandia tu. Unavua, unavaa. Ukigombana na mtu unayaweka mfukoni kwanza.

Methali: Ya bandia mimi siyataki kuyasikia. Mnadhani yanatoka wapi?

Kiraka: Kiwandani.

Methali: Hayo ndiyo mnayoambiwa. Yanatoka kwa marehemu. Na jino halisahau. Jirani yangu mmoja, mla nyama hodari, alivalishwa seti nzima ya juu. Tangu siku hiyo nyama haiingii. Akiikaribisha mdomoni, meno yanafunga. Mboga yanafungua. Wakafuatilia, wakakuta mwenye meno alikuwa hali nyama maisha yake yote.

Zege: Walifuatilia wapi?

Methali: Kuna mahali pa kufuatilia.

Kiraka: Sasa Mkasi akipewa ya mtu aliyekuwa bubu?

Methali: Ndiyo hatari ninayoisema. Chanda chema huvikwa pete.

Tulikuwa hapo, kwenye meno ya bubu, binti wa Mkasi alipotokea. Alikuwa ametoka shuleni, vidole vina chaki ya rangi. Akatuamkia, shikamooni, tukaitikia kwa pamoja kama darasa lake. Shangazi akamkaribisha kikombe, akakataa. Akabaki amesimama.

Binti: Naomba niwaulize kitu, na naomba msinifiche. Baba amewaambia nini kuhusu mchumba wangu?

Zege akachungulia kikombe chake.

Binti: Tangu Jumatatu haongei na mimi. Nikimwuliza habari ya Jumamosi anaitikia kwa kichwa, mkono mdomoni, macho pembeni. Chakula anakula huku dukani, peke yake. Baba ninayemjua mimi angekuwa ameshamtania yule kijana mpaka aombe maji. Sasa kimya. Kama hampendi, niambieni. Nitawapigia wazazi wake simu leo, wasije. Siolewi baba yangu akiwa amenuna.

Mimi nilikuwa na sindano ya viatu mkononi na soli imening'inia, sikujua niendelee au niache. Kiraka alikuwa anasoma kitu kwenye kucha zake. Tulikuwa tumeapa. Methali akakohoa.

Methali: Mwanangu, wahenga walisema...

Zege: Methali, nyamaza.

Shangazi akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Shangazi: Wiki nzima mnapayuka mpaka nzi wanahama. Leo mtoto anauliza neno moja, mmekuwa watunza siri.

Zege akavua kofia yake ya kazi, akaiweka magotini.

Zege: Mama, baba yako hajanuna. Kavunjika jino.

Binti: Jino?

Zege: La mbele. Akisema, maneno yanapitia pembeni. Anaogopa asije akakuaibisha mbele ya wakwe.

Binti akakaa. Alikaa mahali pa baba yake, akakichukua kile kikombe alichokikataa, akanywa chote. Kisha akaanza kucheka, polepole, na alipokuwa anacheka akajifuta macho kwa ukingo wa mtandio, akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha. Akamshukuru Zege. Akaingia dukani kwa baba yake.

Ukuta wa kati ya duka la Mkasi na kibanda changu ni mbao, tena mbao zenye nafasi. Sikutega sikio. Lilikuwa tayari lipo hapo.

— Baba, fungua mdomo.

Kiti kikasukumwa nyuma.

— Baba, mimi nafundisha chekechea. Kila siku nafungua midomo isiyotaka kufunguliwa.

Nikasikia skafu inafunguliwa.

— Ni hili tu?

— Hili tu, unathema.

— Mchumba wangu ana masikio kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Umeniona nikiwaficha watu masikio yake? Nilidhani umemkataa, baba. Nalala silali.

— Nimkatae? Kijana mdhuri vile. Mathikio yenyewe nimeshayatungia maneno, nilikuwa nangoja Jumamothi.

— Basi kesho tunakwenda kwa daktari.

— Hapana.

— Kwa nini hapana?

Cherehani ikazungushwa kidogo, kwa mkono, bila kushona kitu.

— Thindano.

— Baba. Umeshika sindano tangu sijazaliwa.

— Dhile nachoma mimi. Hii nachomwa.

Alhamisi waliondoka asubuhi, binti mbele, Mkasi nyuma na skafu yake, wakapita kijiweni bila kusimama. Ijumaa Mkasi alikuwa na shughuli za nyumba, kufagia na kupanga viti. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi, wageni wakitarajiwa baada ya adhuhuri, ndipo alipokuja kwenye benchi, ndevu zimechongwa, shati aliloshona mwenyewe. Akakaa, akaagiza kahawa, akasema:

Mkasi: Zege, sogea. Umekaa kama msingi wako, umetanuka bila ramani.

Tulimrukia kwa maswali. Akatusimulia, naye kusimulia ni kazi yake ya pili. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, anasimama juu ya kibao ili amfikie mgonjwa. Alimlaza kwenye kiti, akamulika, akagonga jino kwa kijichuma, akauliza linauma wapi. Akamwambia mzizi ni mzima na jino lililobaki linatosha, kwa hiyo halihitaji kung'olewa wala kuvishwa kofia.

Zege: Hata kofia ndogo?

Mkasi: Alisema kofia ipo, daraja lipo, la skrubu lipo, na hivyo vyote vinamfaa mwenye shida zaidi yangu. Mimi atanijengea kwa dawa nyeupe, tabaka juu ya tabaka. Alishika vipande vya rangi karibu na meno yangu, kama mimi ninavyotafuta uzi wa kufanana na kitambaa. Nilijua huyu ni fundi.

Kiraka: Tabaka juu ya tabaka. Kiraka hicho.

Mkasi: Kwanza alikwangua mabaki ya gundi yako. Akayanusa. Akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ya tairi. Akaomba radhi, akatoka nje kidogo. Nilimsikia anacheka huko ukumbini.

Methali: Ulimwuliza kuhusu redio?

Mkasi: Nilimwuliza. Akaniuliza nani kaniambia. Nikawataja wote. Amesema mkipata nafasi mpite, anataka kuwaona.

Shangazi: Na sindano?

Mkasi akazungusha kikombe kiganjani.

Mkasi: Nilifumba macho, nikamshika binti yangu mkono. Nikamwambia, wewe angalia, ikija uniambie. Baada ya kidogo akaniambia, baba, imeshapita. Nikalegea mwili wote. Shangazi, hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia mimi nikimpeleka chanjo, mama yake akitazama ukutani.

Shangazi: Na ilikuwa imepita kweli?

Mkasi: Hata haijatolewa kwenye trei. Ilikuja baadaye. Lakini nilikuwa nimeshaamini.

Shangazi akamwongezea kahawa bila kudai hela. Kiraka akauliza hiyo dawa nyeupe inakaukaje bila jua.

Mkasi: Kwa taa ya bluu. Anaielekeza mdomoni, inalia kama simu, dawa imekuwa jiwe.

Zege: Taa haikaushi saruji. Amekudanganya. Hilo jino ndani ni bichi.

Kiraka: Mimi nasema ni gundi. Ya bei kubwa, lakini gundi.

Methali: Ni meno ya watu yaliyosagwa. Unga wake. Ndiyo maana rangi imelingana.

Mkasi: Methali, kama ni ya mtu, basi alikuwa na akili kukuzidi, maana tangu nilipowekewa nimeanza kukuchoka.

Walikuwa wamepandishiana sauti, vikombe vimesahauliwa, wakati mtu mmoja mnene wa makamo aliposimama mbele ya kibanda changu. Suti yake ilikuwa safi, viatu vimejaa vumbi la barabara yetu. Akatusalimu kwa adabu, akaniomba nimfutie viatu, na wakati nafuta akauliza kama tunaifahamu nyumba ya fundi cherehani, baba yake mwalimu wa chekechea. Alisema ametangulia peke yake, familia inakuja nyuma, maana yeye ana tabia ya kuogopa kupotea akiwa na watu wengi. Masikio yake yalikuwa yamesimama mbali na kichwa, makubwa, ya heshima. Hakukuwa na haja ya kuuliza ni baba wa nani.

Mkasi akasimama. Akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Mkasi: Umefika, mzee mwenzangu. Fundi ni mimi. Kaa kwanza, upate kahawa, nyumba haikimbii.

Mgeni akakaa kati ya Zege na Kiraka, akapewa kikombe, akanywa, akaonekana kupumua. Kisha akatabasamu.

Mgeni: Samahani, nilivyokuwa naja niliwasikia mnabishania jino. Ni jino la nani?

Tukatazamana. Mkasi alikuwa na nafasi ya kusema lolote, na kwa ulimi wake angechomoka.

Mkasi: Langu. Lilivunjika Jumatatu, limetengenezwa Alhamisi. La mbele.

Akafungua mdomo, akauinua kwenye mwanga, mbele ya mtu ambaye Mkasi amekuwa akimkimbia wiki nzima. Mgeni akainama kwa uangalifu, kama anayesoma kibao cha mbali.

Mgeni: Ni lipi?

Kiraka: Hili la kushoto.

Zege: La kulia. Mimi nililipima.

Kiraka: Kulia kwako au kulia kwake?

Zege: Kulia kwa jino.

Methali akasogea kutoka kivulini, akainama, akakodoa macho. Shangazi akaja na birika mkononi, akatazama, akarudi nyuma hatua, akatazama tena. Mimi nikaacha kiatu cha mgeni.

Shangazi: Wewe mwenyewe, ni lipi?

Mkasi akapitisha ulimi kutoka upande mmoja hadi mwingine, akarudi nao, taratibu.

Mkasi: Jana nilikuwa nalijua.

Mgeni akabaki ameinama, mikono magotini, akingoja kuambiwa. Nasi tuliolijua jino lile kuliko mwenyewe tukajikusanya pale, vichwa vikigongana, tukamtazama Mkasi mdomoni, naye akatuachia wazi kwa muda wote tulioutaka.